Mstari wa Saba

Zilikuwa zimebaki dakika arobaini na moja Mwewe wa Tatu atue Itigi, Fundi Ntandu alipoingia ofisini kwa Dokta Gwantwa Mwaisela bila kubisha hodi. Kwa miaka kumi na moja waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kuthubutu. Ntandu alikuwa mtu wa kubisha, kungoja, kubisha tena, kisha kuuliza kama amekuja wakati mbaya. Leo aliingia na bunda la fomu, akalitua mezani karibu kabisa na kikombe cha chai cha Gwantwa, na wala hakuomba radhi.

"Dokta, ni mambo ya stoo," alisema.

Gwantwa alikaribia kucheka. Ukutani, kwenye skrini kubwa, nukta ya kijani ilikuwa inavuka Atlantiki kwa kasi ya kilomita tatu kwa sekunde. Nukta ile ilikuwa Mwewe, chombo cha anga cha abiria; ndani yake mlikuwa na watu kumi na wanne, marubani wawili na abiria kumi na wawili, walioondoka Recife kabla jua halijachomoza kwao na ambao wangekula chakula cha mchana Itigi. Ilikuwa safari ya kwanza kushuka kwa njia fupi, ile ya mteremko mkali. Iliruhusiwa kwa sababu moja tu: Mtabiri, mashine aliyoilea Gwantwa mwenyewe, ilisema kwamba ngozi ya chombo itahimili joto.

"Siku zote za Mungu, Fundi, umechagua leo?"

"Mtunza stoo amenikatalia ombi. Anasema kila wiki naagiza vipima-joto vya mstari wa saba. Kaniuliza kama navila. Nikapandwa na hasira, nikaenda kuhesabu fomu zangu zote nimwonyeshe kuwa ni mwongo." Ntandu aliligonga bunda kwa kidole. "Si mwongo, Dokta. Mwaka huu vimetufia handakini vipima-joto mia mbili na kumi. Mia moja na themanini ni vya mstari wa saba."

Gwantwa alikisogeza kikombe pembeni.

Handaki la upepo lilikuwa bomba refu la chuma nyuma ya jengo lao. Humo hewa ilifyatuliwa kwa sekunde nne juu ya mfano mdogo wa Mwewe, uliobandikwa vipima-joto mia tatu, kila kimoja si kikubwa kuliko punje ya mchele, vikiwa vimepangwa katika mistari ishirini kutoka puani hadi mkiani. Kila mfyatuo uliua vichache. Baada ya hapo Ntandu alisoma kwa sauti namba za vilivyokufa, na mtu wa kompyuta alizifuta moja baada ya nyingine. Wenyewe waliita mazishi. "Leo tuna marehemu wangapi?" walitaniana, na kazi ikaendelea.

Kufuta kwenyewe kulikuwa na sababu. Kipima-joto kinachokufa huweweseka. Mara kiseme chombo kimeganda barafu, mara kiseme kimewaka kuliko jua, na mashine inayojifunza haina akili ya kukataa, inameza chochote inacholishwa. Mwanzoni kabisa Mtabiri alilishwa maweweseko hayo, akaja kutabiri kwamba Mwewe atayeyuka akiwa ameegeshwa bandani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ndipo ikaandikwa kanuni: kipima-joto chochote kikifa kabla mfyatuo haujaisha, kumbukumbu yake yote ifutwe, tangu sekunde ya kwanza. Wengi hawakukumbuka tena nani aliiandika. Ilikuwa kanuni tu, imebandikwa ukutani, imefifia wino. Aliyeiandika alikuwa Gwantwa.

"Vinakufa sekunde ya ngapi?" aliuliza.

"Zamani ya tatu. Tangu tuongeze kasi, ya pili. Jana, moja na nusu."

"Ya jana mmeshaifuta?"

"Ya jana ipo bado kwenye kumbukumbu ya handaki. Inafutika yenyewe saa sita mchana."

Ilikuwa saa nne na robo. Gwantwa aliifungua. Kilichomjia kwenye skrini kilikuwa mchoro mmoja, wa kipima-joto kimoja, kabla hakijaanza kuweweseka. Kwa nusu sekunde ya kwanza joto lilipanda polepole kama la majirani zake. Halafu likaruka. Likawa mara tatu, likawa mara nne, likabaki hapo juu kwa sekunde nzima, bila kutetereka, bila wazimu wowote, na ndipo kipima-joto kikafa. Sekunde ile moja haikuwa maweweseko. Ilikuwa taarifa sahihi kabisa, na kwa miaka mingi walikuwa wakiitupa pamoja na takataka.

Alielewa mara moja. Hewa inayogusa ngozi ya chombo, ikiwa imetulia, huteleza tabaka juu ya tabaka, na matabaka hayo huzuia joto lisifike ndani. Ikichafuka, matabaka yanararuka na moto unaingia. Ni wapi itachafuka, na lini, kwa kasi kama ile, hakuna mlinganyo ulioweza kusema. Mabingwa wa zamani walichukua wastani, kilichobaki wakakisia. Mtabiri aliundwa ajifunze hicho kilichobaki, ajifunze kutoka handakini, na alijifunza vizuri kuliko bingwa yeyote. Ila walimfundisha kwa vipima-joto vilivyopona tu. Pale mstari wa saba, nyuma ya kiungo cha bawa la kushoto, palipochafuka kuliko kwingine kote, alikuta pengo, akaliziba kwa kutazama majirani wa kulia na kushoto waliokuwa wametulia tuli.

Gwantwa alichukua kalamu. Alipiga hesabu nyuma ya fomu ya stoo, kwa mkono, kama mwanafunzi. Kwa njia fupi, ngozi ya mstari wa saba ingetoboka baada ya sekunde tisini hivi. Chini yake zilipita nyaya zote za kugeuza mabawa.

"Una uhakika, Dokta?" Ntandu aliuliza.

"Nina mchoro mmoja," alisema Gwantwa, na tayari alikuwa amesimama.

* * *

Mhandisi Kagaruki, mkurugenzi wa safari, alimsikiliza mpaka mwisho. Lisemwe hilo kwa haki yake, maana baadaye yalisemwa mengine. Hakuwa mtu wa pupa wala mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa. Alisimama katikati ya chumba cha uongozaji, mikono nyuma, akiangalia nukta ya kijani iliyokuwa sasa juu ya misitu ya Kongo.

"Unataka nimwambie nini rubani?"

"Ainue pua sasa hivi. Apunguze kasi huko juu, hewa ikiwa bado nyembamba."

"Akipunguza kasi huko juu hafiki Itigi."

"Najua."

"Hafiki hata Tabora."

"Ataishia Ziwa Tanganyika. Nimeangalia, upande wa Kipili maji yametulia."

Kagaruki alimgeukia. "Dokta, Mwewe hajui kuogelea. Akipiga maji anapasuka. Watatoka wangapi?"

"Nusu. Labda wakizidi kidogo."

"Na wakija hapa?"

"Kwa hesabu yangu, hatoki mtu."

"Kwa hesabu yako. Na kwa hesabu ya Mtabiri?"

"Anasema salama."

"Mtabiri amepimwa kwa mifyatuo mia tatu na safari sitini. Wewe una mchoro mmoja na bunda la karatasi." Kagaruki hakupandisha sauti, na hilo lilimuumiza Gwantwa zaidi. "Niwamwage watu ziwani kwa fomu za stoo? Nikawaambie nini wazazi wao? Kwamba mtunza stoo alikuwa na mashaka?"

Hilo ndilo lililokuwa baya: angekuwa yeye Kagaruki, angesema vilevile. Kila ushahidi ambao ungemwokoa sasa alikuwa ameamuru ufutwe, mwaka baada ya mwaka, kwa kanuni yake mwenyewe na kwa vicheko vya mazishi. Saa ya ukutani ilionyesha dakika ishirini na mbili kabla ya kutua. Ikifika kumi na tisa, kuinua pua hakungesaidia kitu.

Kwenye chumba kile ni mtu mmoja tu aliyeruhusiwa kuongea na chombo, ili rubani asichanganywe na sauti nyingi. Siku hiyo alikuwa Bi Sikudhani, mama mtulivu aliyekuwa ameshusha nyumbani kila Mwewe tangu wa kwanza. Alikuwa amesikia yote. Alimtazama Kagaruki, akamtazama Gwantwa, kisha akavua vipokea sauti vyake taratibu, akavilaza mezani.

"Naenda kunywa maji," alisema. "Koo limenikauka."

Gwantwa alikaa kwenye kile kiti kilichokuwa bado na joto lake. Mkono wa Kagaruki ulinyooka kumzuia, ukafika nusu ya njia, ukabaki hewani. Maisha yake yote yaliyofuata alijiuliza kwa nini haukufika.

"Mwewe wa Tatu, hapa ni Gwantwa."

"Dada Gwantwa?" Sauti ya Kapteni Nyanzala ilikuwa na tabasamu. "Umekuja kumsikiliza mwanao anavyofanya kazi? Mtabiri anatuendesha kama tuko kwenye zulia."

"Nyanzala, nisikilize. Mtabiri haujui mstari wa saba. Nadhani ngozi itatoboka dakika moja na nusu baada ya kuingia kwenye hewa nzito. Nataka uinue pua na ushukie ziwani."

Tabasamu lilikwisha. "Unadhani. Uhakika wako ni kiasi gani?"

"Sita kwa kumi."

"Na wa Mtabiri?"

"Tisini na tisa kwa mia."

"Na wewe ndiye uliyemfundisha."

"Ndiyo. Kwa hiyo najua ambalo sikumfundisha."

Kwenye vipokea sauti ulisikika mvumo tu. Dakika ishirini na nusu.

"Hii ni amri ya Kagaruki?"

"Hapana. Kagaruki anasema uendelee."

"Kwa hiyo nyie wawili hamjakubaliana," Nyanzala alisema polepole, "na mimi nina watu kumi na wawili nyuma yangu, wengine wanasinzia." Alivuta pumzi, ikasikika hadi Itigi. "Umeniweka pabaya, dada. Umeniweka pabaya sana." Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya kazi: "Nainua pua. Waambieni watu wa Kipili watoe maboti."

* * *

Waliokolewa wanane. Chombo kilipiga maji saa tano kasoro robo mbele ya macho ya wavuvi wa dagaa, kikachanika sehemu ya nyuma ya chumba cha abiria, na waliokuwa wamekaa huko, watu sita, wakazama nacho kabla boti ya kwanza haijafika.

Mmoja wa wale sita aliitwa Elineema Msengi. Alikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa viungo bandia, akirudi kutoka mafunzoni na sanduku la miguu ya watoto aliyoitengeneza mwenyewe. Sanduku lilielea. Wavuvi walilipata siku ya tatu, na baba yake, Bwana Msengi wa Kiomboi, aliyewahi kuwa fundi umeme wa mabwawa, alisafiri nalo mpaka Itigi na kuliweka mbele ya tume ya uchunguzi. Aliliweka tu, akaketi mstari wa mbele, na alikuja kuketi hapohapo kila siku ya kikao.

Tume ilimwendesha Mtabiri mara mia moja. Mara mia moja alijibu vilevile: Mwewe wa Tatu, angeachwa aje, angetua salama na angekuta chai bado ya moto. Mchoro wa jana yake ulikuwa umefutika wenyewe saa sita mchana, watu wote wakiwa wamekodoa macho kwenye picha za ziwani. Katika kihoro kile hakuna aliyekumbuka kuuhifadhi, hata Gwantwa. Handaki nalo lilifungwa kwa ajili ya uchunguzi, hakuna aliyeruhusiwa kufyatua tena. Kilichobaki ni fomu za stoo na neno lake.

"Vipima-joto hufa, ni vitu vya kufa," alisema mtaalamu mmoja aliyeitwa kutoa maoni. "Kiungo cha bawa kina mtikisiko. Mtikisiko unakata nyaya zake. Sioni moto hapo."

Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Lilikuwa jambo linaloingia akilini, na Gwantwa mwenyewe, akilala na kuamka nalo, alianza kuliamini. Labda ni mtikisiko. Labda ile sekunde moja aliyoiona ilikuwa maweweseko yaliyovaa nguo safi. Labda aliwazamisha watu sita kwa sababu mtunza stoo mmoja alikuwa na kisirani. Aliacha kula mezani, akawa anakula kwa kusimama jikoni, vijiko vitatu vinne, basi.

Mwenyekiti wa tume, jaji mstaafu Bi Mndeme, alimuuliza swali moja la pembeni, akiwa anapanga karatasi zake. "Na hii kanuni ya kufuta, Dokta, ilitoka wapi?"

"Ni utaratibu wa handaki, mheshimiwa. Wa zamani."

"Aha," alisema Bi Mndeme, na akaendelea na swali jingine.

Ilichukua sekunde mbili kusema hivyo. Nyuma ya chumba, Ntandu aliinamisha macho akakagua viatu vyake. Alikuwepo siku kanuni ile inaandikwa, yeye ndiye aliyeshika gundi wakati inabandikwa. Hakusema neno, wala Gwantwa hakumuomba asiseme.

Jumapili alikwenda hospitali kumwona Nyanzala, aliyevunjika nyonga na mbavu nne. Alimkuta amegeuzia uso dirishani.

"Nimekuja kukuomba..."

"Usiniombe msamaha, dada," Nyanzala alimkata. "Sijui bado kama kuna kosa. Wewe unajua?"

"Sijui."

"Ninawasikia, unaelewa? Nilikuwa mbele, mlango umejipinda, ninawasikia wanagonga. Mtu mmoja aligonga kwa mpangilio, tatu, tatu, tatu, kama anayejua kuna watu wanamsikia." Aligeuka, na macho yake yalikuwa makavu. "Siwezi kuishi na 'labda'. Kama niliua, niambiwe niliua. Kama niliokoa, niambiwe. Nendeni mkajue."

Ndivyo lilivyozaliwa lile jaribio. Nyanzala aliiandikia tume ombi akiwa kitandani, na familia zote sita zikatia saini, ya Bwana Msengi ikiwa ya kwanza. Walidai Mwewe wa Nne arushwe mtupu, bila rubani, amebebeshwa mifuko ya mchanga yenye uzito wa watu kumi na wanne, ashuke kwa njia ileile fupi, chini ya Mtabiri yuleyule. Wakubwa walilalamika kwamba chombo ni cha taifa. Bi Mndeme aliwajibu kwamba waliokufa nao walikuwa wa taifa.

* * *

Siku ya jaribio Gwantwa hakupewa kiti mbele ya mitambo. Aliwekwa nyuma ya kioo, upande wa wageni, pamoja na familia. Viti vilikuwa vya plastiki, na mtu fulani mwenye huruma alikuwa amepanga chupa za maji. Bwana Msengi alikaa kiti cha pili kutoka kwake. Hawakusalimiana.

Gwantwa alijua anachokiombea, na alikionea haya. Alikuwa anaomba Mwewe aungue. Chombo kikitua kizima, basi yeye ni muuaji wa watu sita, kwa ujinga na kiherehere, na hakuna zaidi. Kikiungua, wanane wako hai kwa ajili yake. Lakini alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu haikuishia hapo, ilikuwa na mstari mmoja chini yake ambao kila akiukaribia aliupindishia uso. Alifumba macho, akaomba tu chombo kiungue, mengine yatajulikana baadaye.

Bi Sikudhani alikuwa kwenye kiti chake, ingawa safari hii hapakuwa na wa kuongea naye. Alisoma tu namba kwa sauti ili wageni waelewe.

"Ameingia hewa nzito."

Skrini ilionyesha ngozi yote ya Mwewe ikiwa kijani. Safari hii Ntandu alibandika vipima-joto vinene, vya kustahimili, na hakuna kumbukumbu iliyoruhusiwa kufutwa.

"Sekunde thelathini. Kawaida."

"Sekunde hamsini. Kawaida."

Nyuma ya kioo mtu alianza kulia kwa kwikwi. Mama wa marehemu mmoja alisema, si kwa sauti ya chini, "Basi walikuwa wanafika. Watoto wetu walikuwa wanafika." Kagaruki, upande wa pili wa kioo, alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Sekunde sitini na..." Bi Sikudhani alisita. "Mstari wa saba umepanda."

Mstari mwembamba wa njano ulijichora nyuma ya bawa la kushoto. Ukawa mwekundu. Ukawa mweupe. Majirani zake, mstari wa sita na wa nane, walibaki kijani, hawana habari. Pembeni, kwenye kisanduku chake, Mtabiri aliendelea kuandika neno moja: salama.

"Sabini na tano. Joto mara nne na nusu. Themanini. Themanini na nane, ngozi imetoboka." Sauti yake haikutetemeka. "Bawa la kushoto halijibu. Anabiringika. Tisini na sita. Tumempoteza."

Kisha furaha ikampanda Gwantwa, mbichi, ya mwili mzima, kama mtu aliyetolewa kichwa majini. Alisikia mwenyewe akitoa sauti. Sikukosea, sikukosea, sikukosea. Upande wa pili wa kioo watu walikuwa wamesimama. Mmoja alipiga makofi, wa pili akaunga, na punde chumba kizima kikawa kinapiga makofi, wahandisi watu wazima wanakumbatiana na kufuta machozi. Mlango ukafunguliwa, Kagaruki akaingia moja kwa moja mpaka kwake, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Dokta, mimi ningewaua wote," alisema. "Wote kumi na wanne. Umeokoa watu wanane. Nakuomba radhi mbele ya watu hawa."

"Asante," alisema Gwantwa.

Bwana Msengi alingoja Kagaruki amalize. Aliinuka taratibu, akishikilia mgongo wa kiti.

"Mwanangu Dokta," alisema. "Hao wanapiga makofi ya nini?"

"Kwa sababu... kwa sababu nilichosema kilikuwa kweli, baba."

"Nimeona. Namshukuru Mungu, na wewe nakushukuru. Wale wanane wana wazazi." Alisogea hatua moja. "Mimi nilikuwa fundi umeme. Mita ikiungua, tulikuwa tunaifungua kwanza kuona ilisoma nini kabla ya kuungua. Hatuitupi hivihivi. Nauliza tu, nielewe. Hivyo vya mstari wa saba vilivyokuwa vinakufa, visingefutwa, mngejua lini?"

Hapo ndipo ule mstari wa chini wa hesabu ulipomfikia. Gwantwa alimtazama mzee yule mwenye shati lililopigwa pasi kwa uangalifu wa mtu anayejipigia mwenyewe. Angeweza kusema ni vigumu kujua. Angeweza kusema tume itaeleza. Makofi yalikuwa bado hayajaisha, na mkono wa Kagaruki ulikuwa bado begani kwake.

"Mara tu tulipoanza kupima kasi ile," alisema. "Miaka minane iliyopita."

"Na nani alisema vifutwe?"

Ntandu alikuwa amesimama mlangoni. Gwantwa hakumwangalia. Aliutoa mkono wa Kagaruki begani, akapita katikati ya viti hadi pale alipokaa Bi Mndeme na karani wa tume, ambaye alikuwa ameshaanza kufunga daftari lake.

"Mheshimiwa, uliniuliza kanuni ya kufuta ilitoka wapi, nikasema ni utaratibu wa zamani. Niliudanganya umma. Naomba ifutwe ile niliyosema... hapana, isifutwe. Ibaki, na hii iandikwe chini yake. Kanuni ile niliiandika mimi, Gwantwa Mwaisela, kwa mkono wangu. Isingekuwepo, Mtabiri angeujua mstari wa saba miaka minane iliyopita, na Mwewe asingeruhusiwa kushuka kwa njia ile hata siku moja. Wale sita nimewaua mimi. Na wale wanane ni mimi niliyewapandisha humo."

Makofi yalikatika, upande mmoja wa chumba kwanza, halafu mwingine. Karani alifungua tena daftari, akaandika, kalamu ikisikika.

Bwana Msengi alikuwa amemfuata hadi pale. Alikuwa anahesabu kwa vidole, polepole, akirudi nyuma mwaka hadi mwaka, mpaka akafika kidole cha nane na kukishika.

"Alikuwa kidato cha tatu," alisema. "Ndiyo kwanza ameanza kusema anataka kusomea mambo ya miguu."

Karani aliinua macho kwa Bi Mndeme, kuuliza kama na hilo liandikwe. Bi Mndeme alikuwa anamwangalia Gwantwa.

"Andika," alisema Gwantwa.